Nywila Inapochelewa Kujijaza: Chanzo, Tiba na Tahadhari

Katika toleo hili tumeacha kidogo uwanja wa ngeli, methali na ushairi ili tuingie katika chumba cha kompyuta. Msishangae. Kiswahili ni lugha ya kila kazi, na jambo ambalo hatuwezi kulieleza kwa lugha yetu huenda bado hatujalielewa sawasawa.

Jambo lenyewe ni hili. Umeketi mbele ya kompyuta, umefungua ukurasa wa kuingilia katika akaunti yako. Siku zote kivinjari hukujazia jina na nywila kabla hujavuta pumzi. Leo kimya. Unahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Wapi! Unaanza kuandika mwenyewe, na ukifika katikati kivinjari nacho kinazinduka na kujaza juu ya yale uliyoandika. Unabonyeza kitufe, unaambiwa umekosea. Unarudia, unaambiwa umekosea tena. Ukizidi kurudia, tovuti nyingine hukufungia akaunti kwa muda.

Pengine utauliza, "Hilo nalo ni jambo la kuandikiwa makala?" Naam, ni jambo. Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka, watahiniwa wa Kisii na Nyamira hufurika katika saiba za Kisii mjini, Keroka, Nyamira na Ogembo. Wengine wanachagua kozi katika tovuti ya KUCCPS, wengine wanaomba mkopo wa HELB. Walimu wetu nao wana akaunti zao za TSC, na wazazi wetu wana eCitizen. Milango yote hiyo hufunguliwa kwa nywila, na baadhi yake ina siku ya mwisho. Mtu akikosa subira pale mlangoni anaweza kupoteza nafasi, au akampa mtu mwingine ufunguo wake bila kujua.

Basi, ndugu msomaji, katika makala haya tutajifunza mambo manne: kwanza, jinsi kivinjari kinavyojaza nywila, pili, mambo yanayokichelewesha, tatu, namna ya kuchunguza na kutibu, na nne, tahadhari za kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Nguzo ya somo letu ni moja: usitibu kabla hujajua palipo na ugonjwa.

1. MAANA YA MANENO

Nywila ni neno au mfuatano wa herufi na tarakimu unaoijulisha kompyuta kwamba wewe ndiwe wewe. Wengine huiita nenosiri au neno la siri, na mitaani wengi wetu husema paswadi tu. Katika makala haya nitatumia nywila kwa kuwa ni fupi.

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kama vile Chrome, Firefox na Edge. Kujaza kiotomatiki ni kitendo cha kivinjari kukuandikia jina na nywila bila wewe kugusa herufi hata moja. Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea kazi, kwa mfano kuzuia matangazo, kutafsiri, au kutunza nywila.

Ni vizuri pia kujua kwamba nywila ya kompyuta ni ya zamani kuliko mtandao tunaoujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huo uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu, kila mmoja na faili zake na saa zake. Ndipo ikahitajika nywila. Na tazama maajabu: mwaka 1962 mtafiti kijana aliyekuwa akisomea pale, Allan Scherr, aliona saa alizogawiwa hazimtoshi, akaiagiza kompyuta impigie chapa faili yenye nywila za watu wote. Akazipata! Kwa hiyo shida ya nywila katika kompyuta ya watu wengi haikuanzia saiba za Keroka. Ilizaliwa pamoja na nywila yenyewe.

2. JINSI NYWILA INAVYOJIJAZA

Kwa sisi tunaotoka katika majani chai, tuseme Nyansiongo, Kebirigo, Nyamache au Kiamokama, mfano ulio karibu ni kituo cha kununulia majani. Mkulima anafika na kikapu chake. Karani hapimi na kuandika hivi hivi tu. Anauliza namba ya mkulima, anaitazama katika orodha, ndipo anapima na kuandika kilo. Namba ikikosewa tarakimu moja, kilo za mama wa watu zitaingia kwa jirani.

Kivinjari nacho ni karani. Kazi yake huenda kwa hatua hizi:

(a) Kinangoja ukurasa ufike kutoka mtandaoni.

(b) Ukurasa ukifika, kinatafuta ndani yake kama kuna kisanduku cha kuandikia nywila.

(c) Kinasoma anwani ya tovuti iliyo juu ya ukurasa. Hakitazami rangi, nembo wala picha. Kinatazama anwani.

(d) Kinafungua hifadhi yake ya nywila na kutafuta kama kuna nywila iliyowekwa kwa ajili ya anwani hiyo.

(e) Nywila haikuwekwa wazi wazi. Imefichwa kwa hesabu za siri, na sharti ifumbuliwe kwanza. Chrome ikiwa katika Windows, ufunguo wa kufumbua umefungamana na akaunti ya mtumiaji wa kompyuta hiyo.

(f) Mwishowe kinajaza. Zikiwapo akaunti mbili au zaidi za anwani moja, huenda kikakuonyesha orodha ili uchague mwenyewe.

Katika kompyuta nzima, hatua zote kuanzia (b) mpaka (f) huisha kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo ukiona sekunde tano au kumi zinapita, jua kuna hatua moja iliyokwama. Kazi yetu ni kuitafuta hiyo hatua. Kwenye kituo cha majani foleni ikisimama, si haki kumlaumu karani kabla ya kuuliza: je, lori limefika? Mizani inafanya kazi? Namba iliyotajwa ni sahihi?

3. MAMBO YANAYOCHELEWESHA

3.1 Mtandao wenyewe

Hiki ndicho chanzo kinachosingiziwa mara chache na chenye makosa mara nyingi. Kivinjari hakiwezi kujaza kisanduku ambacho hakijafika. Saiba yenye mashine kumi zinazogawana laini moja, na huku mtu mmoja anapakua filamu, itakuwa nzito tu. Vivyo hivyo bando la simu jioni, wakati kila mtu yuko mtandaoni.

Wakati mwingine uzito uko upande wa tovuti. Siku ya mwisho ya maombi, maelfu ya watu hugonga mlango mmoja kwa pamoja. Mwezi Julai 2023 huduma za eCitizen zilitatizika kwa sababu ya mashambulizi ya mtandaoni. Wakati kama huo hata ukinunua kompyuta mpya, hutafua dafu.

3.2 Jinsi ukurasa ulivyojengwa

Kurasa nyingine hazileti kisanduku cha nywila mara moja. Huleta kwanza ganda, kisha programu ndogo ndani yake ndizo zinazojenga visanduku. Nyingine hukuuliza jina kwanza, ubonyeze "endelea", ndipo nywila ije. Hapo kivinjari kinangoja kwa haki yake.

Kuna na kisa kingine kinachowachanganya wengi. Unaona vitone vya nywila vimejaa, lakini kitufe cha kuingia kimefifia, hakibonyezeki. Chrome inaweza kukuonyesha nywila iliyojazwa huku bado haijaukabidhi ukurasa, mpaka wewe uguse kitu. Ni ulinzi, ili ukurasa usinyakue nywila kabla mwenyewe hujakubali. Dawa yake ni nyepesi: bofya mara moja mahali popote penye ukurasa, kisha utazame tena kitufe.

3.3 Makarani wawili kwenye mizani moja

Mtu ana nywila ndani ya Chrome, kisha ameweka kiendelezi kingine cha kutunza nywila, mathalani Bitwarden au 1Password. Wote wawili wanakimbilia kisanduku kimoja. Mmoja anajaza, mwingine anafunika kwa orodha yake. Unaona visanduku vinamulika-mulika. Isitoshe, kiendelezi cha namna hiyo hujifunga baada ya muda na kungoja nywila yake kuu. Unadhani kimelala, kumbe kimefungwa.

3.4 Viendelezi vingi

Kila kiendelezi kilichoruhusiwa kusoma kurasa zote hupewa nafasi ya kuupekua kila ukurasa unaofungua. Kimoja si neno. Vikifika kumi na viwili, vingine havijulikani hata vilitoka wapi, mashine inatweta.

3.5 Mashine yenyewe

Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi, kurasa ishirini zilizofunguliwa na diski ya kizamani, itachelewa kufungua hifadhi ya nywila kama inavyochelewa katika kila jambo. Programu kuukuu nazo ni tatizo. Chrome iliacha kutengenezewa Windows 7 mapema mwaka 2023, na toleo la 109 likawa la mwisho kwa mashine hizo. Microsoft nayo ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine kama hizo bado zinawaka na kufungua kurasa, lakini kila mwezi unaopita zinazidi kuachwa nyuma na tovuti zinazofungua.

3.6 Faili zilizoumia

Hapa kwetu milimani tunajua mvua ya alasiri na radi zake. Stima ikipotea ghafla huku kivinjari kikiandika katika faili zake, faili hizo zinaweza kuharibika. Baada ya hapo kivinjari kinaanza kusitasita, au kinasahau baadhi ya nywila. Ndiyo sababu betri ya akiba ni kitu cha maana katika chumba cha kompyuta, na ndiyo sababu ukisikia ngurumo ya kwanza ni heri uhifadhi kazi yako na kuzima mashine kwa utaratibu.

4. UCHUNGUZI NA TIBA, HATUA KWA HATUA

Usiguse mpangilio wowote kabla ya kufanya majaribio haya. Yafuate kwa zamu, na uandike unachokiona katika daftari. Daktari hapimi kwa kukisia.

Jaribio la kwanza: tovuti nyingine. Fungua tovuti nyingine ambayo pia uliiwekea nywila. Ikijaza upesi, mashine yako ni nzima. Kasoro iko katika ile tovuti ya kwanza au njia ya kuifikia. Ngoja, au urudi saa ambazo watu ni wachache, kama alfajiri.

Jaribio la pili: utazame ukurasa. Je, visanduku vyenyewe vimetokea? Kama havijatokea, tatizo ni mtandao au ujenzi wa ukurasa. Kama vimetokea na vimebaki vitupu, bofya ndani ya kisanduku cha jina. Mara nyingi orodha itashuka hapo hapo.

Jaribio la tatu: dirisha fiche. Fungua dirisha fiche la Chrome au Edge, kisha uende kwenye ukurasa ule ule. Katika dirisha hilo viendelezi huwa vimezimwa isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe, lakini nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari bado unaweza kuzichagua. Ikiwa huko ni haraka na kwenye dirisha la kawaida ni polepole, basi mshukiwa wa kwanza ni kiendelezi.

Jaribio la nne: kumpata kiendelezi mkosaji. Wengi huzima kimoja kimoja, na wakiwa na vinane wanaweza kujaribu mara nane. Iko njia ya mkato tunayoijua kutoka somo la hisabati: gawanya kwa mbili. Zima vinne. Tatizo likiisha, mkosaji yumo katika hivyo vinne. Lisipoisha, yumo katika vingine. Kundi lenye mkosaji ligawe tena, viwili viwili, halafu kimoja kimoja. Kwa majaribio matatu tu umempata kati ya wanane. Mtoe, na wengine warudishe kazini.

Jaribio la tano: nani anakula nguvu? Ndani ya Chrome, bonyeza kitufe cha Shift pamoja na Esc. Itatokea orodha ya kurasa na viendelezi, na kila kimoja kinatumia nguvu kiasi gani. Ndani ya Firefox, andika about:processes mahali pa anwani. Ukiona ukurasa mmoja umejitwalia nguvu zote, ufunge.

Jaribio la sita: wasifu mpya. Tengeneza wasifu mpya ndani ya kivinjari, kama mtumiaji mpya asiye na kitu. Uweke nywila moja, kisha uipime. Ikiwa mpya ni mwepesi na wa zamani ni mzito, faili za zamani zimeumia au zimelemewa, na ni afadhali kuhamia kwenye wasifu mpya.

Baada ya kumjua mkosaji, tiba ni hizi:

- Acha mtunza nywila mmoja tu. Ukichagua kiendelezi, zima ile huduma ya kivinjari ya kuhifadhi nywila. Ukichagua kivinjari, ondoa kiendelezi.

- Ondoa viendelezi usivyovitumia.

- Sasisha kivinjari, halafu ukifunge na kukifungua upya.

- Punguza kurasa zilizo wazi.

- Futa akiba ya kurasa iliyorundikana. Lakini hapa angalia sana! Orodha ya vitu vya kufuta huwa na kisanduku cha nywila pia. Ukikitia alama, nywila zako zitafutika. Na ukifuta vidakuzi, tovuti zitakutoa nje na kukudai uingie upya. Hakikisha kwanza kwamba unazikumbuka nywila zako au zimeandikwa mahali salama.

- Ukihamisha nywila kutoka wasifu mmoja hadi mwingine kwa kuzipakua, ujue kwamba ile faili inayotoka ina nywila zako zote kwa maandishi ya wazi. Ukimaliza kuitumia, ifute papo hapo, na uifute hata kwenye pipa la taka la kompyuta. Usiitume kwa barua pepe.

5. KOMPYUTA YA WATU WENGI

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba kompyuta ni yako. Lakini wengi wetu hatuna. Tunatumia ya shule, ya saiba au ya jamaa. Huku ndiko swala linapogeuka kutoka usumbufu na kuwa hatari.

Fikiria mashine iliyokaa saiba miaka mitatu. Kila msimu wa KUCCPS wanafunzi wameingia, na kivinjari kimeuliza, "Nihifadhi nywila hii?" Kwa haraka wakajibu ndiyo. Sasa wewe ukibofya kisanduku, badala ya nywila moja kujijaza, inashuka orodha ndefu ya namba za mtihani za watu usiowajua. Ndiyo sababu mashine haijazi peke yake: haijui wewe ni nani kati ya wale wote. Katika orodha hiyo, kila namba ni mtoto wa mtu, na kozi yake inaweza kubadilishwa na mkono wowote utakaobofya hapo wakati maombi yangali wazi.

Tena kuna hili. Katika tovuti ya KUCCPS, nywila ya mwanzo imekuwa ikitokana na namba ambazo mtahiniwa tayari anazo, yaani namba ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE. Namba hizo si siri kamili. Ziko kwenye mafaili ya shule, na nyumbani anaweza kuziona yeyote. Kwa hiyo mtahiniwa akishaingia mara ya kwanza, jambo la kwanza ni kubadilisha nywila, halafu ndipo atazame kozi.

Sikiliza mazungumzo haya ambayo yanaweza kutokea katika saiba yoyote:

Mteja: Kaka, mbona hii mashine inakawia hivi? Nimengoja mpaka nimechoka.

Mhudumu: Pole, dada. Leo watu ni wengi. Wewe niandikie namba yako na paswadi hapa kwa kitabu, uende ule chakula, ukirudi utapata nimekumalizia.

Mteja: Asante kaka, lakini hapana. Nifungulie dirisha la mgeni. Nitaandika mwenyewe, hata kama ni polepole.

Mhudumu: Sawa basi, hakuna shida.

Huenda mhudumu ana nia njema kabisa. Lakini kile kitabu kitabaki mezani, na mezani hupita watu wengi. Dada yetu amejibu kwa adabu na amejikinga. Dirisha la mgeni alilolitaja halionyeshi nywila za wengine, na likifungwa husahau yote yaliyofanyika ndani yake. Ni kweli halitakujazia nywila. Lakini kwenye kompyuta ya watu wengi hiyo si hasara, ni faida.

Kanuni za saiba ni chache: tumia dirisha la mgeni, ukiulizwa kama nywila ihifadhiwe, kataa, ukimaliza, toka kwenye akaunti, usifunge dirisha tu, na nywila yako uiandike mwenyewe. Nao wenye saiba na walimu wa kompyuta watatusaidia sana wakizima huduma ya kuhifadhi nywila na kufuta zilizokwisha kuwekwa. Mashine isiyo na nywila ya kuiwashia, au ambayo nywila yake inajulikana na kila mtu, humruhusu yeyote kufungua mipangilio ya kivinjari na kuzisoma zote.

Na anayeona nywila ya mwenzake asidhani ni mchezo. Sheria ya Kenya kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018 inasema kuwa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

6. KUKATAA SI KUCHELEWA

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msomaji abaki nalo hata akisahau mengine yote.

Kuna wakati kivinjari hakijachelewa. Kimekataa. Kumbuka hatua (c): kivinjari hutazama anwani. Mtu mwovu anaweza kutengeneza ukurasa unaofanana na wa HELB kama shilingi kwa ya pili: rangi ile ile, nembo ile ile, hata salamu ile ile. Akatuma kiungo kwa ujumbe wa simu: "Mkopo wako uko tayari, ingia hapa." Macho yako yatadanganyika. Kivinjari hakitadanganyika, maana anwani ni nyingine. Labda herufi l imebadilishwa kwa tarakimu 1, labda limeongezwa neno mbele au nyuma. Kwa kivinjari huyo ni mkulima asiye katika orodha, na hakuna nywila ya kumpa.

Sasa mtu mwenye pupa atasema, "Aa, hii mashine imeanza uzembe wake," kisha ataiandika nywila kwa mkono wake. Kwisha! Amekabidhi ufunguo kwa mwizi, na aliyekuwa akimlinda amemwita mzembe.

Kwa hiyo nywila ambayo siku zote hujijaza ikikataa ghafla, inua macho kwanza, soma anwani herufi kwa herufi. Usitegemee mwisho wa anwani peke yake. Anwani zinazoishia kwa go.ke ni za serikali, lakini si kila shirika la umma huzitumia. Anwani ya KUCCPS, kwa mfano, huishia kwa net. Njia salama ni kuipata anwani kutoka kwa tangazo rasmi la shirika au kwa mwalimu wako, kuiandika wewe mwenyewe, na kuachana na viungo vinavyoletwa na ujumbe usioujua. Kama anwani ni sahihi na bado hakuna kitu, basi rudi kwenye majaribio yetu sita.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, tumeona kwamba kuchelewa kwa nywila si ugonjwa mmoja. Kunaweza kuwa mtandao, ukurasa, viendelezi, mashine au faili. Tumeona kwamba majaribio machache yaliyofuatana vyema hushinda kubofya ovyo kwa saa nzima. Na tumeona kwamba kule kusita kwa kivinjari pengine ndiyo sauti pekee inayokuonya. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hawakuwa wameona kompyuta. Anayesubiri sekunde kumi akasoma anwani hajapoteza kitu. Anayeokoa sekunde kumi akampa mgeni nywila yake anaweza kupoteza kozi aliyoisomea miaka minne.

Kwa wenzetu wa Kidato cha Nne, nawatakia heri katika mtihani na katika yale yatakayofuata mtihani. Wasalaam.

MSAMIATI

Akiba ya kurasa: vipande vya kurasa ambavyo kivinjari hutunza ili kisivipakue upya.
Dirisha fiche: dirisha la kivinjari lisiloweka kumbukumbu ya kurasa ulizozuru.
Kidakuzi: alama ndogo ambayo tovuti huiacha katika kivinjari ili ikutambue ukirudi.
Saiba: duka la kukodisha kompyuta na mtandao.
Sasisha: weka toleo jipya la programu.
Wasifu: sehemu ya kivinjari yenye mipangilio na nywila za mtumiaji mmoja.

MAZOEZI

1. Eleza hatua sita ambazo kivinjari hupitia kabla ya kujaza nywila.
2. Nywila hujaza upesi katika dirisha fiche lakini polepole katika dirisha la kawaida. Unashuku nini, na kwa nini?
3. Mtu ana viendelezi 16 na kimoja tu ndicho kinachochelewesha. Kwa njia ya kugawanya kwa mbili, atahitaji majaribio mangapi kukipata?
4. "Kukataa si kuchelewa." Jadili kauli hii kwa kutoa mfano wako mwenyewe.
5. Mhudumu wa saiba amekuomba umwandikie nywila yako kitabuni. Andika mazungumzo kati yenu ukimkatalia kwa heshima.
6. Tunga sentensi ukitumia: kivinjari, kiendelezi, wasifu.